Kipande cha Jikoni Kipimwe Kwanza

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Mkulima mwenzangu, umezoea kusoma katika gazeti hili habari za ng'ombe wa maziwa, mbegu za viazi, mbolea na bei za soko. Mambo hayo ni mazuri, na mimi mwenyewe huyasoma. Lakini leo nataka kusema nawe juu ya jambo dogo ambalo halina lori wala dalali, na ambalo halipewi nafasi kubwa katika mikutano yetu. Nataka kusema juu ya kile kipande cha ardhi kilicho nyuma ya jiko lako. Je, kimeota nini leo? Tafadhali weka gazeti chini kidogo, uende ukakitazame, kisha urudi tuendelee.

Pengine umekuta sukuma wiki, vitunguu na managu. Kama ndivyo, hongera, na umpe hongera hiyo pia yule anayekilima. Lakini pengine umekuta viazi vimefika mpaka ukutani mwa jiko, hata kamba ya kuanikia nguo imepita juu ya matuta. Kama ndivyo, basi maneno haya ni yako, kama yalivyokuwa yangu.

Maoni yangu ni haya. Katika kila shamba la skimu ya makazi, kipande cha chakula cha nyumbani kipimwe kwanza, kabla ya zao la kuuza. Kiwe mikononi mwa yule anayepika. Na yule anayeuza asikiguse, hata bei ya soko ipande namna gani. Nitakueleza jinsi nilivyofika kwenye maoni haya, maana sikufika kwa kusoma vitabu. Nilifika kwa kuona aibu.

NILIVYOLIMA JIKONI

Mimi nilisomea ualimu, nikafundisha shule ya msingi miaka mitatu kabla ya kuajiriwa karani wa ofisi ya kilimo. Hata leo majirani huniita Mwalimu. Babu yangu alipata shamba la ekari 27 hapa Nyandarua mwaka 1964. Aliwagawia wanawe wanne, na baba yangu naye akatugawia sisi wawili, mimi na ndugu yangu. Hivi sasa nina ekari tatu na kidogo, na juu yake wanakaa mama yangu, mke wangu, watoto watatu na ng'ombe wawili. Nadhani wengi wenu mna historia kama hiyo. Shamba la babu lilikuwa kubwa, la baba likawa la kiasi, na letu twalipima kwa hatua.

Tangu nilipokuwa mtoto, nyuma ya jiko la mama palikuwa na kipande cha hatua kumi kwa kumi. Hapo palikuwa na sukuma wiki, vitunguu vya majani, dania, karoti, na managu yaliyojiotea yenyewe. Jioni mama alitutuma huko na bakuli, na kabla maji hayajachemka mboga ilikuwa imefika jikoni. Sikumbuki hata siku moja ya utoto wangu tuliyokwenda dukani kununua majani.

Miaka sita iliyopita bei ya viazi ilipanda. Dalali alifika mpaka kwenye lango langu, na kwa mara ya kwanza alibembeleza yeye, si mimi. Nikashika kalamu. Niliona kwamba kila hatua ya ardhi isiyokuwa na kiazi ni hasara. Wakati huo mama alikuwa amesafiri kumtazama dada yake mgonjwa. Nikawaita vijana wawili wenye majembe, nao wakalima mpaka kwenye ukuta wa jiko. Mke wangu aliniuliza, "Mwalimu, na mboga tutatoa wapi?" Nikamjibu kwamba tutanunua, maana fedha zitakuwapo.

Mama aliporudi alisimama akatazama matuta. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, umelima jikoni."

Sina haja ya kukueleza sana yaliyofuata, maana wewe mkulima wa viazi umeyaona. Bei inapopanda, kila mtu hupanda. Siku viazi vilipotoka vilitoka kwa wote pamoja, na yule dalali aliyebembeleza akawa hashuki hata kwenye gari. Alitaka lumbesa, gunia lililofungwa na kuongezwa kilemba juu, ingawa sheria inataka gunia lisilozidi kilo 50. Kwa kuwa barabara ilikuwa matope na viazi haviwezi kungoja, nilikubali. Nilipotoa gharama za mbegu, mbolea, dawa ya ukungu, vibarua na magunia, fedha zilizobaki hazikutosha hata karo ya mtoto mmoja.

Na wakati huo wote tulikuwa tukinunua mboga. Kwanza tulinunua kwa fedha taslimu, kisha kwa deni. Jioni moja mwanangu wa darasa la pili alirudi kutoka dukani akiwa amebeba daftari la madeni la mwenye duka. Akaniambia, "Baba, amesema wewe ni mwalimu, umsaidie kujumlisha ukurasa wetu."

Nililikaribisha daftari kwenye taa. Sukuma 30. Nyanya 20. Dania 10. Kitunguu 10. Sukuma 30. Karatasi mbili, mbele na nyuma. Nilijumlisha mara mbili nikitumaini nimekosea, lakini sikukosea. Ilikuwa shilingi 3,740. Karani wa ofisi ya kilimo, mwenye ekari tatu za ardhi nzuri na kisima, alikuwa akidaiwa bei ya majani. Na sahani iliyokuwa mbele yangu usiku ule ilikuwa na viazi vya kuchemsha na chumvi, kwa sababu mke wangu alikuwa ameona haya kurudi dukani.

HESABU YA SHILINGI HAMSINI

Basi tufanye hesabu ambayo ningaliifanya mwanzo, kama ningalikuwa mwalimu kweli. Chukua kalamu, utie bei za kwako mahali pa zangu.

Nyumbani kwetu tulikuwa tukitumia shilingi 70 kwa siku: majani 30, nyanya 20, kitunguu 10 na dania 10. Nyanya naziondoa katika hesabu, maana kwenye baridi yetu hii nyanya ya nje haistawi vizuri. Ukungu huipata, na isipopatwa na ukungu hupatwa na baridi kali ya alfajiri. Nyanya tutaendelea kununua. Zimebaki shilingi 50 za vitu ambavyo ardhi yetu yaweza kutoa. Shilingi 50 mara siku 365 ni shilingi 18,250.

Mwaka ule niliuza viazi kwa shilingi 1,500 gunia la kilo 50. Gawanya 18,250 kwa 1,500. Utapata magunia 12, na shilingi 250 juu. Yaani magunia 12 ya viazi nilivyopanda, nikapalilia, nikanyunyizia dawa na kuchimba, yalikwenda dukani kulipa sukuma wiki, kitunguu na dania.

Sasa tazama upande wa pili. Kile kipande cha mama, hatua kumi kwa kumi, kama kila hatua ni mita moja, ni mita za mraba 100. Ekari moja ina mita za mraba kama 4,000. Kwa hiyo kipande kile ni sehemu moja tu katika sehemu 40 za ekari. Shamba langu lilitoa magunia 60 kwa ekari katika msimu mmoja. Basi kipande cha mama kilinipa gunia moja na nusu. Kwa misimu miwili ya mwaka ni magunia matatu, ambayo ni shilingi 4,500 kabla ya gharama.

Nilichukua shilingi 4,500 kwa mkono mmoja, nikatoa 18,250 kwa mkono mwingine. Mtoto wa darasa la pili angaliweza kuniambia kama hiyo ni faida au hasara.

Utasema, "Lakini mboga nazo zina gharama." Ni kweli. Kuna mbegu, kuna samadi, kuna kazi ya mikono. Mbegu za bustani ndogo ni za shilingi mia chache, samadi inatoka zizini, na kazi ni ya nusu saa asubuhi au jioni. Hata ukitoa hayo yote, sioni jinsi viazi vya kipande kile vinavyoweza kuifikia bustani.

Tena hesabu hii ya fedha si nzima. Majani ya kijani yana vitamini A inayolinda macho ya mtoto na kumpa nguvu ya kushindana na magonjwa. Yana vitamini C pia, na managu na mchicha huongeza madini ya chuma katika damu. Jambo la kujua ni kwamba vitamini A ya majani huingia mwilini vizuri ikiwa kuna mafuta kidogo au maziwa katika chungu. Sisi wenye ng'ombe hatuna udhuru. Majani yaoshwe kabla ya kukatwa, yapikwe kwa muda mfupi, na maji yake yasimwagwe. Na mboga iliyochumwa dakika kumi zilizopita haiwezi kulinganishwa na ile iliyokaa siku mbili juu ya meza ya kibanda, ambayo hujui ilinyunyiziwa dawa gani wala ilinyunyiziwa lini.

WALIOPIMA MASHAMBA WALIANZA NA CHAKULA

Wako watu wanaofikiri kwamba bustani ya jikoni ni mambo ya zamani, na kwamba mkulima wa kisasa hulima zao moja la fedha, akanunua chakula chake. Nawakumbusha jinsi mashamba yetu yalivyopangwa.

Ule mpango mkubwa wa kuwapa watu mashamba, ulioitwa Mpango wa Ekari Milioni, ulianza mwaka 1962. Zaidi ya jamaa 30,000 zilipata makao kwa mpango huo, na nyingi kati yake ziliwekwa huku Nyandarua. Waliopanga mashamba madogo waliweka lengo kwamba mkulima abakiwe na fedha kati ya paundi 25 na paundi 70 kwa mwaka, kufuatana na ukubwa wa shamba lake. Lakini soma vizuri neno hilo "abakiwe". Fedha hizo zilihesabiwa baada ya jamaa yake kula kutoka shambani, na baada ya kulipa mkopo wa Serikali. Hao maofisa walikuwa watu wa hesabu kali, na walitaka sana mikopo ilipwe. Hata hivyo, mstari wa kwanza katika hesabu yao ulikuwa chakula cha nyumbani.

Sisi wajukuu tumegeuza hesabu hiyo juu chini. Twauza kwanza, twalipa madeni, kisha tukisalia na kitu twauliza watu watakula nini. Na kadiri shamba linavyogawanywa, ndivyo tunavyozidi kusema kwamba nafasi ya bustani haipo. Mimi naona kinyume. Babu mwenye ekari 27 aliweza kupoteza fedha kidogo kwenye mboga bila kuumia. Wewe mwenye ekari mbili huwezi. Shamba dogo ndilo linalohitaji bustani zaidi.

KWA NINI KIWE CHA ANAYEPIKA

Hapa najua wanaume wengine watakunja uso, na wengine wameniambia ana kwa ana ofisini kwamba karani anataka kugawa mashamba ya watu upya. Hapana. Sigawi shamba la mtu. Nasema tu kwamba kazi iwe mikononi mwa mwenye kuijua.

Anayepika ndiye anayejua kitunguu kitaisha lini. Ndiye anayekwenda dukani mikono mitupu, na ndiye anayeambiwa na mwenye duka maneno ambayo wewe huyasikii. Sisi wenye kuuza macho yetu yako kwenye gunia. Tukipita kwenye bustani tunaona ardhi iliyokaa bure. Yeye akipita hapo anaona chakula cha jioni cha Alhamisi.

Nimeona pia bustani zikifa kwa sababu nyingine. Mama wa nyumbani hulima vizuri, mboga huzidi, huuza mafungu machache kwa majirani na kupata shilingi mia mbili tatu. Kisha bwana huuliza fedha hizo ziko wapi. Mwezi unaofuata huanza kuzichukua. Baada ya msimu mmoja bustani huota magugu, na bwana husema kwamba mkewe ni mvivu. Mkulima, ukitaka bustani iishi, mboga zinazozidi na fedha zake zikae na aliyezilima. Fedha hizo zitarudi nyumbani kama chumvi, mafuta ya kupikia na kalamu za watoto. Sijaona zikienda kwingine.

Rafiki yangu mmoja aliniambia, "Hati ya shamba ina jina langu." Nikamjibu kwamba hata yangu ina jina langu, lakini hati haichemshwi chunguni.

Kama nyumbani kwako anayepika ni mwanaume, sheria ni ile ile. Na kusema kwamba bustani ni ya anayepika si kusema kwamba kazi zote ni zake. Ua wa kuzuia kuku na mbuzi ni kazi ya bwana. Samadi ya kutoka zizini ni kazi ya vijana. Maji ya jioni ni kazi ya watoto, nao wataipenda ukiwapa kila mmoja tuta lake. Tangu mwaka 1962 vyama vya 4-K vimefundisha watoto wa Kenya kuungana, kufanya na kusaidia, na mwaka 2021 vyama hivyo vilizinduliwa upya mashuleni. Lakini mtoto anayelima tuta shuleni, akirudi nyumbani akute mboga za kununuliwa, amefundishwa mambo mawili yanayopingana.

NAMNA YA KUANZA

Nilipotaka kurudisha kipande kile nilikwenda na kamba na vigingi, nikamwambia mama apime mwenyewe kwa hatua zake. Akacheka akasema, "Pima wewe, mwanangu. Hatua zangu ni fupi." Basi nilipima kwa hatua zangu ndefu kabisa, yeye akihesabu kwa sauti. Mama na mke wangu ndio waliochagua cha kupanda. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Usipande kila kitu siku moja. Ukipanda sukuma wiki yote pamoja, utakuwa na mlima wa majani mwezi mmoja na njaa mwezi mwingine. Panda tuta moja, ngoja majuma matatu, panda jingine. Ukichuma, chukua majani ya chini, uache manne au matano ya juu, na mche utakulisha kwa miezi mingi. Weka debe la samadi iliyooza vizuri katika kila tuta. Samadi mbichi huunguza miche.

Usipande managu mahali palipotoka viazi, wala viazi mahali palipotoka managu. Mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja pamoja na nyanya, na hupokezana magonjwa, hasa ule mnyauko unaokausha mche ungali kijani. Baada ya viazi panda vitunguu, karoti, njegere au sukuma wiki. Na managu yavunwe majani tu. Matunda yake mabichi yasiliwe, kama vile kiazi kilichogeuka kijani kisivyoliwa, kwa maana yana sumu.

Kuhusu baridi, nasema nawe wa Nyandarua. Mwaka wa kwanza tulipanda malenge na maharagwe katikati ya kipande, na asubuhi moja ya Januari tulikuta yote yamekuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Usiku wenye nyota nyingi na usio na upepo ndio wenye hatari. Siku hizi mimea laini tunaipanda karibu na ukuta, na jioni kama hiyo tunaifunika kwa nyasi kavu au magunia na kuifunua jua likitoka. Sukuma wiki, kabichi, liki na vitunguu huvumilia zaidi, basi hivyo ndivyo viwe nguzo za bustani yako.

Kuhusu maji, usimwage yale ya kuoshea mboga na ya kusuuzia vyombo. Ndoo mbili tatu kwa siku zitaokoa matuta mengi wakati wa kiangazi, hasa ukitandaza nyasi juu ya udongo. Maji yenye sabuni nyingi au dawa ya kung'arishia nguo yasitumike. Kama una vidukari kwenye sukuma wiki, jaribu majivu ya jikoni na kuosha majani kabla hujafikiria dawa ya dukani. Hii ni mboga ya watoto wako.

Wala usidharau mboga za asili. Walimu wetu wa zamani walitufundisha kuzing'oa kama magugu, na mimi pia niliwafundisha watoto hivyo. Wataalamu wa Kenya, kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, wamefanya kazi ya miaka mingi kuonyesha thamani ya managu, mchicha, kunde, saga na mrenda. Leo mboga hizo huuzwa katika maduka makubwa ya Nairobi, na sisi tuliozing'oa tunazinunua.

KWA WALIO MBALI NA BARIDI

Kama unasoma haya ukiwa Mwea, penye mpunga, au Muhoroni, penye miwa, au katika skimu za Pwani, usidhani kwamba hayakuhusu. Pengine yanakuhusu zaidi, kwa sababu mpunga na miwa hujaza shamba lote na malipo huja kwa vipindi, lakini chungu kinataka mboga kila siku. Wewe una joto ambalo sisi hatuna. Kunde, mchicha, mrenda, bamia na malenge vitakua upesi kwako. Kama ua wako ni mdogo, chukua gunia, weka mawe katikati toka chini mpaka juu ili maji yapite, jaza udongo na samadi pembeni, kisha toboa matundu upande mzima na kupandikiza sukuma wiki au spinachi. Gunia mbili tatu karibu na mlango wa jiko hazichukui nafasi ya hata tuta moja la miwa.

TUSIDANGANYANE

Sitaki uniseme kwamba nimekuahidi utajiri. Bustani ya jikoni hailipi karo ya shule ya upili. Hainunui ng'ombe. Huku kwetu juu haitakupa mahindi ya kutosha unga, na ukijaribu kulima kila kitu unachokula utachoka bure. Zao la kuuza lazima liwepo, na ushirika wa maziwa lazima uwe na nguvu. Mimi bado nalima viazi, na bado nagombana na madalali juu ya lumbesa.

Lakini ugomvi wa sasa ni tofauti. Zamani dalali alijua kwamba nyumbani kwangu kuna daftari la deni, na kwamba nikikataa bei yake leo, kesho watoto watakula viazi na chumvi. Mtu mwenye njaa hawezi kungoja bei. Msimu uliopita alinitajia bei mbaya, nikamwambia arudi juma lijalo. Aliondoka kwa hasira. Nilirudi ndani, nikakuta sukuma wiki na maziwa ya lala mezani, na nilikula bila haraka. Hakurudi juma lile. Alikuja mwingine, akalipa vizuri zaidi kidogo. Si kila msimu itakuwa hivyo, najua. Lakini ningaliwezaje kungoja hata siku moja kama jiko lingalikuwa tupu?

Wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Dalali hata si ndugu.

Basi, mkulima mwenzangu, mvua zinapokaribia na kabla hujaita majembe ya viazi, chukua kamba na vigingi vinne. Mwite yule anayekupikia. Pimeni hatua kumi kwa kumi karibu na jiko, na hatua zako ziwe ndefu. Kisha umwachie. Ukija ofisini kwetu, usiniambie tu umevuna magunia mangapi. Niambie pia mara ya mwisho ulinunua sukuma wiki lini. Kama huikumbuki siku hiyo, nitakupa kiti na kikombe cha chai.